Kete Mbili Mkononi Mwangu

Hospitali ya Misheni,
Shinyanga,
16 Septemba 1954.

Mdogo wangu mpenzi Philomena,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana, ingawa imekaa ndani ya bahasha wiki tatu bila kuitikiwa, na kosa ni langu. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako na mtoto Serafina amepona kile kikohozi ulichokitaja. Baba mgongo wake vipi? Na mama, bado anakataa kulala mchana hata akiwa na homa? Mimi sijambo. Nakula, nalala, naota jua barazani. Ugali wa hapa ni wa mtama uliosagwa na mtu mwenye haraka zake, lakini sijambo. Hayo ni majibu ya salamu. Majibu ya swali lako yapo mbele; nakuomba usirukie huko, soma kwa mpango nilioandika, maana nimeandika kwa taabu.

Utaona mistari inavyoyumba, usidhani nimekunywa pombe. Naandika kwa mkono uleule wa kulia, leo siku ya nne. Bujiku, dresa anayetuzoesha viungo, ameizungushia kalamu ya risasi kitambaa mpaka imenenepa kama gunzi la mahindi, eti vidole vijifunze kuikumbatia. Karani wa hospitali alijitolea kuniandikia, nikamkatalia. Ana tabia ya kusoma kwa sauti anachokiandika, na hapa baraza zima linajua mke wa mgonjwa wa kitanda cha nne amekasirikia nini. Barua nampa Theonest, utingo wa lori la pamba linalopita hapo Kagongwa. Nimeifunga kwa uji mzito, kisha nimeishona kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi umekatwa, mbane Theonest mpaka aseme nani aliyeifungua.

Uliniuliza neno moja tu: siku ile mgodini, mumeo alipoachia bati, aliniuliza kwanza au hakuniuliza? Ukaongeza kwamba Jumamosi ya tarehe 25 wazee wa pande zote mbili watakaa uani kwa baba kuivunja ndoa yako, ng'ombe warudi kwa kina Makoye, na mtoto abaki kwetu. Na kwamba baada ya hapo hata ukiujua ukweli hautakufaa kitu. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Acha nianze mbali, hata kwa yale unayoyajua. Kazi ya kuezeka mabati ina sheria moja ambayo hata mjinga anaijua. Wa juu ya paa hushika ncha ya juu, wa kwenye ngazi hushika ncha ya chini. Wa juu haachii mpaka aulize kama wa chini ameshika, na wa chini aitikie kwamba ameshika. Hapo ndipo wa juu huachia, akachukua nyundo na misumari. Siku ile mwezi wa tano tulikuwa tunaezeka banda jipya la mashine kule Geita, mumeo Makoye juu, mimi ngazini. Aliachia. Bati likateleza likapita kiganjani mwangu, likakata kano za vidole viwili, cha kati na cha pete, na damu ikashuka mpaka kwenye ngazi. Makoye akamwambia mzungu wa mgodi, na baadaye akamwambia baba, kwamba aliuliza na mimi nikaitika. Mimi nikasema hakuuliza. Nikasema aliachia kwa makusudi, kwa sababu wiki ile walikuwa wanatafuta mnyapara wa mabati na jina langu lilitajwa kabla ya lake. Nikaapa kwa kaburi la babu, nawe ulikuwepo ukilia. Makoye akafukuzwa kazi. Baba akaenda kukutoa nyumbani kwa mumeo pamoja na mtoto. Nasikia sasa watu wa kijiji wakipita mbele ya uwanja wake hawamwamkii, na kuna wanaosema mkono wangu aliuroga.

Basi nilikuja hapa nikiwa na moyo wa namna hiyo, na mtu mwenye moyo wa namna hiyo hata maji ya kunywa huyanusa kwanza. Mgodini walikuwa wameshona ngozi, kidonda kikafunga vizuri, lakini vidole viwili vilikaa vimenyooka tu kama vya sanamu. Bibi Daktari wa hapa, mzungu mwembamba asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba kano zilizokatwa zimeshajikunja ndani, hazivutiki tena zikaunganishwa. Itabidi achukue kano nyingine mahali pengine azihamishie vidoleni. Nikamwuliza atazitoa kwa nani. Akasema kwangu mwenyewe, kwamba katika kila mkono chini ya kiwiko kuna ukano usio na kazi kubwa, na wapo watu waliozaliwa bila huo na hawajui. Nikasema moyoni, haya ndiyo yale. Tangu lini Mungu akampa mtu kitu cha ziada? Lakini sikuwa na njia. Wakaninusisha dawa ya usingizi, na nilipozinduka nilikuwa na plasta ngumu nyeupe mkono mzima wa kulia, na bendeji kwenye mkono wa kushoto.

Walipoifungua plasta baada ya wiki tatu nilihesabu makovu. Kila asubuhi nikayahesabu tena, nisije nikakuta limeongezeka moja. Nikaanza pia kuwachunguza watu. Gusanisha dole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kidogo kifundo cha mkono. Utauona ule ukano umesimama katikati kama kamba. Nilimfanyisha mpishi, nikamfanyisha mchungaji, nikawaambia ni mchezo. Karani hana. Mikono yote miwili hana! Bibi Daktari alikuwa amesema kweli, lakini mimi badala ya kumwamini daktari nikaanza kumshuku karani.

Mwanzoni mwa Agosti Makoye alikuja kunitazama. Hukuniandikia kama ulijua, sidhani ulijua. Alikuja kwa treni kutoka Isaka, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, kofia magotini. Hakutaja kesi, hakutaja ng'ombe, wala hakukutaja wewe. Aliutazama mkono tu. Aliniuliza kama unafumba, nikamjibu kwamba utafumba. Kisha akaniuliza kama vidoleni nahisi. Philomena, niliruka ndani ya ngozi yangu. Nikamwambia kwa ukali kwamba nahisi vyote, tena vizuri, na kwamba yeye si daktari. Akaniachia mfuko wa karanga za kukaanga, akaniaga kwa heshima, akaondoka.

Karanga zile sikuzigusa. Nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako; mtu amekukata mkono, sasa anakuja kuumaliza mwili uliobaki. Nikampa mzee Marcel wa kitanda cha jirani, aliyevunjika mguu, halafu, Mungu anisamehe, nikakaa siku mbili nikimwangalia kama atatapika. Siku ya tatu mzee aliamka akauliza shemeji yangu atarudi lini na karanga nyingine.

Nikueleze sasa wanachotufanyia, maana mama atataka kujua. Asubuhi mkono unalowekwa kwenye maji ya moto yenye chumvi. Kisha kovu linasuguliwa kwa mafuta, taratibu, kwa duara, ili ngozi iachane na ukano ulio chini yake. Wakiacha vishikane, kidole hakitakunjika mpaka ufe. Halafu Bujiku hunishikia kidole, kifundo kimoja kimoja, mimi nikunje mwenyewe pale alipopaacha huru. Siku ya kwanza nilikiamuru kidole cha kati kikunjike, kikakataa. Nikakitukana kwa Kiswahili, nikakitukana kwa Kisukuma. Bujiku akasema kidole hakina masikio, na kama matusi yangekuwa dawa basi watu wa migodini wasingeugua kamwe. Niliendelea hivyo siku nane, nikiamini wananizungusha. Siku ya tisa kidole kikajongea, kidogo tu, kama jani likipulizwa. Nililia mbele ya watu, sikujali.

Baada ya hapo kazi ikawa kuminya donge la nta, kuokota mahindi na kuyatia kibuyuni, kisha kunde, kisha choroko. Vidole viwili vilivyoshonwa vikazidi kupata akili. Mwishoni mwa Agosti Bibi Daktari akasema kano zimeshika vizuri kuliko alivyotarajia. Na hapo ndipo Bujiku akaleta mbao ya isolo, lile bao letu la Kisukuma.

Huyu Bujiku ni mtu wa makamo, mcheshi, kila asubuhi huingia wodini akipiga kelele za mwangaluka, ile salamu ya asubuhi, kama yuko sokoni. Mimi nilimshuku tangu mwanzo kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, ambao haukai nje ya mfuko wa kaptura ila akiwa na kazi nao. Vidole vyake ni vifupi, ncha hazipo. Nilijiambia amekatwa na baruti, au alishikwa akiiba mahali. Kwa Bujiku isolo ni dawa ya vidole: unachota kete zote za shimo moja kwa mkono wenye maradhi, unazifumbata, halafu unazipanda moja moja, shimo kwa shimo, bila kutumia mkono mwingine. Ukifanya hivyo kutwa nzima umefanya mazoezi mia bila kuchoka. Ni werevu, nakubali.

Unajua, Philomena, hapo kwetu hakuna aliyenifunga isolo tangu niote ndevu. Nilikaa barazani kwa maringo. Bujiku akanifunga. Nikasema mkono bado mgeni. Akanifunga tena, akaimba. Mzee Marcel akanifunga, naye huanza mchezo kwa kuuliza zamu ni ya nani! Kila nikipiga hesabu, najua kete yangu ya mwisho itaangukia wapi, lakini mkono ukifika pale kete haipo. Nikipanda kumi na moja zinatoka kumi. Hesabu yangu haijawahi kunidanganya maishani, basi aliyenidanganya ni mtu. Nikamtazama Bujiku na ule mkono wake wa mfukoni, nikaona nimempata mwizi.

Jumatatu ya wiki jana nilimtega. Nilisema mbele ya wagonjwa wote kwamba leo tutahesabu kete kabla na baada. Nikamtaka Bujiku ageuze mifuko yake nje, akaigeuza. Nikamtaka akunje mikono ya shati, akaikunja, huku akicheka. Tukahesabu kwa sauti, watu wakishuhudia: kete sitini na nne. Tukacheza. Katikati ya mchezo nikashindwa tena kufika nilipokusudia, nikapiga mbao kwa mkono wa kushoto, nikasema basi, hapohapo, hesabuni. Wakahesabu. Sitini na mbili.

Niliinuka nikapiga kelele. Nilimwita Bujiku mwizi, nikamwita mwana wa mwizi, nikamwambia hata mkono wake unaonyesha dunia ilishamwadhibu mara moja. Nilikuwa nimeinua ngumi ya kulia usoni pake. Yeye hakurudi nyuma. Aliitazama ngumi, akaniomba kwa upole niifungue. Nikaifungua. Kete mbili zikaanguka sakafuni, zikaviringika mpaka chini ya kiti cha mzee Marcel.

Walicheka, Philomena, walicheka mpaka wauguzi wakatoka. Mzee Marcel alishika mguu wake wenye mbao akalia machozi. Kete zilikuwa zimebanwa chini ya kidole cha mwisho na ubavu wa kidole cha pete, na mimi sikuwa na habari nazo. Nilizifumbata kama jiwe lisivyojua linachokikalia. Siku zote zile nilikuwa najiibia mwenyewe.

Bujiku peke yake hakucheka. Alinishika bega akanitoa nyuma ya jengo, akaniambia nifumbe macho niseme kila anaponigusa. Nilisema sasa, nikasema sasa, nikasema sasa. Akaniambia nifumbue. Alikuwa amesimama hatua mbili mbali nami, mikono nyuma; hakuwa amenigusa hata mara moja.

Kesho yake Bibi Daktari alinipima kwa chupa mbili, moja ya maji moto na moja ya maji baridi. Nilichungulia kupitia kope nikamjibu vema. Alijua. Akanifunga kitambaa machoni, na hapo sikujibu kitu cha maana. Akanipapasa nyuma ya kiwiko, kuna mshipa pale, wangu umevimba kama kamba ya ndoo. Akanigeuza, akakuta nyuma ya mkono doa ambalo rangi yake imepauka. Kisha akaketi mbele yangu akanieleza bila kuzunguka. Bati lilikata kidole cha kati na cha pete. Kidole cha mwisho halikukigusa, hakina hata kovu. Kwa hiyo kufa ganzi kwa kidole cha mwisho hakukuletwa na bati. Akataja jina la ugonjwa. Ni ukoma.

Nimeliandika neno hilo mara moja, sitalirudia sana. Bujiku, aliyekuwa amesimama kando, alitoa mkono wake mfukoni akauweka juu ya meza, ubapa, nikauona vizuri kwa mara ya kwanza. Naye aliugua huohuo, akakaa miaka sita kwenye kambi ya wagonjwa wake iliyo ng'ambo ya bonde, enzi za sindano za mafuta zilizouma kama nyuki. Aliniambia siku hizi ni vidonge tu, na kwamba yeye vidole vyake havikuliwa na ugonjwa bali na sufuria za moto na miiba asiyoihisi, kwa sababu alichelewa kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, na akaniambia kwamba mimi bado sijaumbuka sana, nishukuru. Wiki ijayo nahamia kambini. Nitakuwa na chumba na shamba dogo, na mazoezi ya vidole yataendelea kulekule. Daktari anasema miaka miwili, labda mitatu, na kwamba walio wengi hutoka wazima.

Mzee Marcel ameniomba msamaha kwa kucheka. Nilimwambia acheke tu.

Sasa swali lako, mdogo wangu. Nimezunguka kote huku kwa sababu naogopa kufika hapa.

Daktari alipotaja ugonjwa ule, sikushangaa. Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Mwaka jana wakati wa baridi, kule kambini mgodini, nilikuwa nazungumza na wenzangu huku nimeegemeza mkono kwenye chemni ya taa. Nilisikia harufu ya nyama inayoungua, nikauliza nani anachoma nini. Ilikuwa kidole changu. Niliwaambia nimelewa, wakacheka, yakaisha. Tangu siku hiyo nilijua kuna kitu. Nilianza kuangusha misumari, kikombe, kijiko. Nikajifunza kushika kwa macho: nikiona vidole vimezunguka kitu, najua nimeshika. Nilihisi nikienda kwa daktari wa mgodi nitafukuzwa siku hiyohiyo, na nikifukuzwa kwa sababu ile, nani atanipa maji kwa kikombe chake? Kwa hiyo nilificha. Niliwashuku wote walionitazama mikono. Makoye alinitazama mikono kuliko wote, kwa kuwa tulifanya kazi pamoja kila siku, na mara mbili aliniuliza kama naumwa. Nilimchukia kwa hilo tu. Hakuna jingine alilonikosea.

Siku ile bati lilikuwa jipya na jua lilikuwa la saa sita. Lilinimulika usoni, sikuona kitu, nilikuwa kama kipofu pale ngazini. Makoye aliniuliza kama nimeshika. Aliuliza. Sikuviona vidole vyangu, na kwa kuwa sikuviona sikujua kama vimeshika. Ningesema bado. Lakini nilikuwa nimesema bado, bado, wiki nzima, na mnyapara mkuu alikuwa amesimama chini na daftari lake akichagua mtu. Nikaitika kwamba nimeshika. Makoye akarudia kuuliza mara ya pili, kwa sababu alikuwa na wasiwasi na mimi, na mara ya pili nikaitika kwa ukali kwamba nimeshika, aachie.

Ndipo akaachia.

Yule mzungu aliponiuliza kilichotokea, niliona wazi: nikikubali niliitika, atauliza kwa nini mtu aliyeshika ameachia, na ataomba kuutazama mkono mzima. Nikimtupia Makoye, hakuna atakayeutazama ila pale palipokatwa. Nikamtupia Makoye. Baada ya hapo uongo ukawa na miguu yake, ukafika nyumbani kabla yangu, na mimi nikaapa kwa kaburi la babu ili kuulisha. Nilikuona ukilia nikaendelea kuapa. Naona haya, Philomena. Naona haya kuliko ninavyouogopa ugonjwa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo usimfiche mtu. Zile wiki tatu nilizokaa nyumbani kabla ya kuja huku, nikimbeba Serafina, nilikuwa nao tayari. Daktari anasema kuambukizwa si rahisi kama watu wanavyodhani, lakini anataka wote tulioishi nyumba moja watazamwe ngozi: wewe, mtoto, baba na mama. Haina maumivu. Mje mapema, msifanye kama mimi.

Jumamosi ile wazee wakishaketi, omba ruhusa kwa baba usimame uwasomee barua hii yote, usiruke mstari hata mmoja, hata ule wa jina la ugonjwa. Makoye awe amekaa mahali ambapo watu wote wanamwona. Najua kaka yako nitakuwa mtu wa namna gani kijijini kuanzia siku hiyo, na najua kuna watakaopaosha mahali nilipokuwa nalala. Waache waoshe. Wakisema karatasi hii imeshikwa na mkono mbovu na kuogopa kuipokea, wasiipokee. Wewe ndiye mwenye kuisoma. Na ukimaliza kusoma usiketi tena, wala usingoje wazee washauriane. Mbebe Serafina mgongoni, chukua jembe lako na mtungi wako, umfuate mumeo nyumbani kwenu mchana kweupe, njia ile inayopita mbele ya watu.

Wape baba na mama shikamoo zangu, kama bado watazitaka. Mwambie mama nimeacha kulalamika juu ya ugali. Mbusu Serafina kwa niaba yangu. Makoye sina salamu inayomtosha; mwambie zile karanga alizileta kwa mtu ambaye hakustahili kuzila, na kwamba akiniletea nyingine nitazila mbele yake.

Ni mimi kaka yako, aliyeitika kwamba ameshika,

Thobias Maduhu